Taarifa ya Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, Monterey imelala
nami naandika kesho ya watu.
Ramani mbele yangu ina homa:
bonde la Salinas jekundu hadi Soledad,
na ukingoni mwa bahari utepe wa kijivu,
mwembamba kama upindo wa shuka.

Ndiyo kwanza Aprili.
Vilima havijamaliza ubichi wake,
mizabibu imechipua urefu wa kidole cha mtoto,
na tayari naandika: nyuzi thelathini na saba.
Nafuta.
Nasoma upya alichoripoti yule puto wetu kutoka juu,
naandika tena thelathini na saba.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu.
Huyu amekuja kabla ya siku yake,
amevua viatu, amekaa,
na mwenyeji ndiye anayeugua.

Pwani: ukungu mzito hadi saa tano,
huenda usiondoke kabisa. Nyuzi kumi na tatu.
Bara: joto kali lisilo la msimu.
Kunyweni maji. Msiache mtoto wala mbwa ndani ya gari.

Mistari minne, na mwendo wa saa moja kati ya pwani na bara.
Hakuna mstari wa mtu
mwenye kitanda huku na mpenzi kule.

Saa kumi na moja alfajiri simu inalia. Baba.
Miaka ishirini na sita aliinamia letusi za wenyewe
hata mgongo ukasahau njia ya kurudi juu.
Hasalimu. Huuliza tu,
"Nivae nini?"
"Unakwenda wapi?"
"Kwa mama yako."

Mama aliuchukia ukungu.
Alisema tangu atoke Ilocos hajavaa nguo iliyokauka sawasawa.
"Nikifa, nipelekeni penye jua,"
tukampeleka King City, kwenye mteremko
ambako hata mawe hutafuta kivuli.
Leo jua lake limepita kipimo,
na mtangazaji ni mimi.

"Vaa sweta," namwambia. "Ukifika Gonzales, ivue."
Anacheka mpaka anakohoa.
"Basi hiyo ndiyo taarifa, Milagring!
Mbona hamuiandiki hivyo?"

Jioni ananikuta naingia zamu,
yeye na kofia yake mkononi, shingo imeiva kama tofali.
Anapanga mezani chupa nne tupu za maji.
"Waridi lake lilikuwa limejikunja," anasema. "Nimelinywesha."
Kisha ananyamaza, anazungusha kofia,
anazungumza kama mtoto anayekiri kikombe kilichovunjika:

"Asubuhi, pale Moss Landing, nilishusha vioo vyote vya gari.
Nikauacha ukungu uingie mpaka usukani ukawa wa kupapasa.
Nikapandisha vioo.
Sikuwasha hata feni, njia nzima.
Nikavishusha pale pale, ubavuni mwake."

"Baba. Ukatoka?"

"Utoke wapi? Ulishakufa zamani, labda Chualar.
Kulibaki jasho kidogo kwenye kioo cha nyuma.
Nikalikusanya kwa kiganja,
nikampangusia jina."

Ameondoka, na chupa ameziacha.
Kuna tone moja katika ile ya mwisho,
linatambaa, linasita, linatambaa.
Naandika usiku wa leo:
Pwani: ukungu.
Bara: joto linaendelea.
Na katikati yao naacha mstari mmoja mtupu,
ambao Lindqvist, msimamizi wangu,
ataufuta asubuhi
akidhani nilisinzia.